Mwanao Hajui Kuandika Jina Lake? Mwache Amwage Maji

Juzi usiku dada mmoja wa Kigamboni kaniandikia: "Dada, mwanangu ana miaka mitatu na nusu, hata jina lake hajui kuliandika. Wa jirani anaandika mpaka la baba yake. Nifanyeje?" Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Huyo dada ni mimi wa miaka kumi na moja iliyopita.

Kifungua mimba wangu nilimpeleka shule ya awali hajafikisha hata miaka mitatu. Shule ya Kiingereza, basi la njano mpaka mlangoni, soksi nyeupe hadi magotini. Nilijiona nimeyapatia maisha. Jioni anarudi na daftari lenye ukurasa mzima wa "s", nyingi zimepigwa mkasi mwekundu. Basi mimi nikageuka mwalimu wa zamu ya usiku. Mtoto anasinzia mezani, nimemkamata kiganja nakiendesha kama usukani. Siku moja aligeuza "s" mara nne mfululizo, nikamchapa rula ya vidole. Hakulia. Aliuficha mkono chini ya meza, na kwa miezi kadhaa nikinyoosha tu mkono kuchukua chumvi, wa kwake unapotea. Wiki ileile akaanza kukojoa kitandani. Hapo naomba nipapite.

Baadaye nilikwenda kusomea ualimu wa Montessori, ule wa mtoto kujifunza kwa mikono yake mwenyewe, kwa masista. Ya chuoni nayaruka, mengi yalikuwa kukata na kubandika hadi usiku wa manane. Ila moja lilinikaa. Huku kwetu jina hilo limekuwa jina la ada kubwa na geti la chuma. Maria Montessori mwenyewe, daktari wa Kiitaliano, alifungua darasa lake la kwanza tarehe 6 Januari 1907 mtaani San Lorenzo, Roma, uswahilini kwao, kwa watoto wa vibarua waliokuwa wanashinda peke yao wazazi wakiwa kazini. Na jina hilo halina mwenye hati: yeyote anaweza kulipaka ukutani. Kwa hiyo ukienda kutafuta shule, bango la getini usilitazame. Omba ukae darasani nusu saa. Ukikuta watoto wote wanaimba "ei, bii, sii" kwa pamoja huku mwalimu kashika fimbo, chukua mkoba wako uondoke.

Sasa nina darasa langu uani, watoto 19, wa miaka mitatu hadi sita wamechanganyika. Vifaa vya kuagiza nje sikuviweza, nikampelekea fundi wa Keko kazi ya mnara: vipande 10 vya mbao, kidogo sentimita 1 kila upande, kikubwa sentimita 10, kila kimoja kinamzidi mwenzake kwa sentimita moja. Vikaja vimepakwa rangi ya waridi, vinang'aa, nikalipa. Siku ya pili binti wa miaka minne alikuwa anaupanga kwenye mkeka, akasita. Akashusha viwili, akavisimamisha ubavu kwa ubavu, akapitisha kidole juu yake. "Mwalimu, hivi mapacha." Fundi alikuwa kakosea, na mimi na rula yangu sikuona! Ndiyo maana ya kifaa kile: mkono unamwambia mtoto kosa liko wapi, hahitaji mkasi mwekundu.

Herufi pia zinaanzia kwenye kidole. Nakata karatasi ya msasa, nabandika kwenye kibao, mtoto anaifuata kwa vidole viwili huku akitamka sauti yake. "Hii ni mmm." Kisha: "Nionyeshe mmm." Mwisho kabisa: "Hii ni nini?" Asipojua, unarudi ya kwanza bila kununa. Na ni "mmm", si "em". Mwanangu alikuwa akiona neno "mama" anasoma "em-ei-em-ei", na mimi nampigia makofi! Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, halafu tunamzungusha mtoto njia ya mbali ya nini?

Wapo wanaosema huku ni kumwachia mtoto afanye fujo. Hapana. Anachagua kazi yake, lakini akimaliza anairudisha kwenye rafu ndipo achukue nyingine. Kifaa ni kimoja kimoja, mwenzako akiwa nacho unasubiri. Watu wazima wangapi wanaliweza hilo kwenye foleni ya daladala?

Mwezi uliopita mama mmoja aliwatoa mapacha wake kwangu kwa sababu hawaletewi kazi za nyumbani. Iliniuma, sitasema uongo, maana walikuwa wanaanza kuchanua. Wiki hiyohiyo mtoto mwingine, miaka mitano, alisimama dukani na mama yake akasoma kwa sauti kibao cha muuza duka: "Ha-pa ha-tu-ko-pe-shi." Mama yake alikuwa amekwenda kukopa sukari. Nilitembea kifua mbele siku tatu.

Wazazi wenzangu, tuache kushindanisha watoto kama majogoo. Mnamfungia vifungo kwa kuwa mnachelewa, mnamlisha kwa kuwa anamwaga, halafu mnashangaa penseli inamponyoka. Vidole hivyo mlivipa kazi lini? Bibi zetu walituchezesha mdako: kokoto moja hewani, nyingine unazikomba shimoni, unahesabu bila kujua unahesabu.

Dada wa Kigamboni, kesho mpe vijagi viwili vidogo na tambara. Mwonyeshe mara moja, polepole, mdomo umefungwa: maji yatoke huku yaingie kule. Kisha kaa. Mchanganyie maharage na choroko kwenye ungo atenganishe. Atamwaga, tambara ni lake, si lako. Mkono wako ukikuwasha kumsaidia, ukalie. Mimi bado nakalia wangu, na mwanangu wa kwanza, sasa yuko kidato cha pili, mpaka leo akiandika hataki nisimame nyuma yake.