Moshi una saa zake: kwa mnaoanza kazi ya afya ya mazingira Tanga

Wadogo zangu mnaoripoti kazini mwaka huu, mtaelekezwa habari za vyoo, visima, bucha na mama lishe. Moshi hamtaelekezwa. Mimi nilijifunza nikizunguka na pikipiki Muheza, Pangani na Handeni, Januari na Februari watu wanaposafisha mashamba kwa kuchoma, kusubiri masika, na tena Septemba na Oktoba kabla ya vuli.

Usiutafute moshi saa sita mchana. Wakati huo jua limeshapasha ardhi, hewa inapanda na moshi unapanda nayo. Usiku ardhi hupoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko iliyo juu yake, basi moshi unakosa pa kutokea na unalala. Mabonde ya Lushoto utayaona alfajiri yamejaa kama bakuli la uji. Huku pwani, upepo wa bara unausukuma polepole kuelekea baharini, ukipita kwenye nyumba za watu. Wewe ukifika ofisini saa mbili na nusu, chai umeshakunywa, watoto wameshatembea ndani yake kwenda shule, na unaandika "hewa safi".

Kipima hewa nacho kitakudanganya. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga kimoja karibu na ufukwe. Alfajiri kikasoma juu ya mikrogramu 90, nikakimbilia kuandika taarifa ya moto. Hapakuwa na moto. Vile vipima vya bei nafuu hupiga mwanga na kuhesabu chembe zinavyoutawanya, na hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe hunywa maji zikavimba, kipimo kikaona vumbi kubwa. Bosi wangu aliniuliza kama nimepima moshi au ukungu. Tangu siku hiyo naandika unyevu kando ya kila namba, na kabla ya kuamini namba natoka nje na pua yangu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo, wastani wa saa 24, kwa zile chembe zisizozidi mikromita 2.5. Angalia neno wastani: namba ya dakika tano usiilinganishe nacho.

Ramani za moto za NASA ni nzuri, tena ni bure, zitumieni. Ila jueni kwamba baadhi ya zile setilaiti hupita kwetu kama saa saba na nusu, mchana na usiku, na wakulima wetu wengi huwasha jioni upepo unapotulia. Shamba la ekari moja lililowashwa saa kumi na moja na kuzimika saa mbili usiku halitatokea popote. Mawingu nayo huficha. Kwa hiyo ramani tupu si ushahidi. Na nukta za moto zikiwa mbali msizipuuze: Juni 2023 moshi wa misitu ya Kanada uliifanya anga ya New York kuwa ya rangi ya chungwa, mamia ya kilomita kutoka kwenye moto. Msimu wa kusi, uliza kinachoungua kusini kwetu, upande wa hifadhi ya Saadani.

Zahanatini hutakuta mgonjwa wa moshi. Kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha kumbukumbu za wagonjwa, ataandikwa mafua, pumu, nimonia, au presha. Hizo chembe ndogo hufika hadi vifuko vya hewa na nyingine huingia kwenye damu, ndiyo maana mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kuzidiwa bila kukohoa hata kidogo. Wajawazito na watoto wachanga waulizeni kwanza. Swali lenyewe liwe la nyumbani: jana jioni nani alichoma, moshi ulielekea wapi, mmepikia kuni ndani? Muuguzi mmoja alinionyesha chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako kutoshea dawa ya kuvuta ya pumu, mtoto akapumulia mdomo wa chupa. Mwombeni muuguzi wenu awaonyeshe, maana tundu likiwa kubwa dawa inavuja.

Barakoa ya kitambaa, hata khanga iliyoloweshwa, haizuii chembe hizo. Barakoa aina ya N95 inazuia ikibana vizuri usoni. Ushauri wa vitabu wa kufunga madirisha sahau kwenye nyumba yenye matundu juu ya ukuta na nafasi chini ya bati. Mimi husema mwenye pumu alale chumba kisichoelekea moshi, na jioni hiyo kuni zipumzike.

Kwa wakulima ndipo nilipokosea zaidi. Nilikwenda na sheria mkononi. Mzee mmoja upande wa Pangani, nilipokwisha kumwamkia, akaniambia, "Mwanangu, jembe unashika wewe?" Sikuwa na jibu. Na ukweli ni kwamba kuchoma jioni ni salama zaidi, moto hauvuki shamba kirahisi, ila kwa moshi ndiyo saa mbaya kuliko zote. Hamtapata vyote viwili. Ninachoomba siku hizi ni majani yakauke kabisa kabla ya kuwashwa, kwa sababu mabichi hufuka usiku kucha, yachomwe kwa mafungu, na jirani ajulishwe mapema.

Yule mzee sasa hunipigia siku moja kabla. "Kesho nachoma, waambie wenye vifua." Nami nampigia muuguzi. Msimu uliopita alisahau mara mbili.