Usinunue propranolol kabla hujajua moyo unakimbizwa na nini

Usiinunue hiyo dawa. Umeandika kwamba moyo unakudunda tangu uhamishiwe kitengo kipya kazini, kwamba muuzaji wa duka la dawa amekwambia ni msongo tu na propranolol itautuliza, na kwamba utaipitia kesho. Ukauliza pia kuhusu kahawa na mazoezi ya kupumua. Kisha, kwa kupita tu, ukataja kuwa utotoni uliugua pumu. Mstari huo nimeusoma mara tatu. Propranolol huziba vipokezi vya adrenalini, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni hiyo ya hofu, kwenye moyo, lakini huziba pia vile vya njia za hewa, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua hata kwa kidonge kimoja.

Mimi sina pumu, na bado ilinigharimu miezi saba. Nilikuwa na deni la ujenzi na mgonjwa nyumbani, hivyo kila aliyenisikiliza aliona chanzo kiko wazi, nami nikaafiki. Muuzaji, ambaye hakunishika hata kifundo cha mkono kuhesabu mapigo, alinipa vidonge vya miligramu 40, asubuhi na jioni. Mapigo yakashuka kutoka 112 hadi themanini na kitu, nikamsifu kwa majirani. Wakati huohuo nilikuwa nikikonda ingawa nilimaliza sahani mbili za ugali. Siku moja pete ya ndoa ikanichomoka kidoleni, ikazama kwenye beseni la vyombo, nikasema mawazo yananimaliza.

Vidonge viliniishia nikiwa msibani kijijini. Siku ya tatu moyo ulifika 140, na kikombe cha chai kikawa kinagonga kisahani mkononi mwangu mpaka shangazi akaninyang'anya. Hospitalini daktari alinipima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, akanipa maji ninywe funda moja moja huku akinitazama koo, akaagiza kipimo cha damu. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, ilikuwa ikimwaga homoni kupita kiasi. Dawa ilikuwa imeficha dalili zake, na kwa kuwa niliiacha ghafla, vipokezi vilivyokuwa vimeongezeka wakati vimezibwa vilikutana na adrenalini yote kwa mkupuo. Daktari huyohuyo alinirudishia propranolol, lakini sasa kwa sababu inayojulikana, pamoja na dawa ya kutibu tezi yenyewe.

Hasira yangu kwa yule muuzaji haijaisha. Dawa ya cheti cha daktari aliniuzia kama peremende, na kila niliporudi alihesabu vidonge bila kuniuliza swali hata moja, ilhali nguo zilikuwa zikinipwaya mbele ya macho yake.

Sikatai kwamba msongo huukimbiza moyo. Kituo cha ndani ya moyo kinachoanzisha mapigo, kikiachwa bila neva (mishipa ya fahamu), hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Ndiyo maana moyo uliopandikizwa, ambao neva zake zimekatwa, huenda kasi kuliko wa kawaida. Neva ya vagasi, inayotoka ubongoni, ndiyo huushika breki, na hofu inapoingia breki hulegea huku adrenalini ikisukuma. Lakini homoni za thairoidi, upungufu wa damu na homa navyo huukimbiza moyo vivyo hivyo, na mkono uliowekwa kifuani hauwezi kuvitofautisha. Mbio za hofu kwa kawaida hupanda na kushuka taratibu. Zinazoanza na kukatika ghafla, mithili ya swichi, zinanitia shaka kwamba hitilafu iko kwenye umeme wa moyo wenyewe.

Kwa hiyo vipimo kwanza, kidonge baadaye: ECG, ikiwezekana wakati moyo unakimbia, wingi wa damu, na homoni za thairoidi. Ukizirai, ukiumwa kifua au ukikosa pumzi, usingoje kesho. La sivyo, kesho ukitoka kazini lipite hilo duka, nenda hospitali, na neno la kwanza utakalomwambia daktari liwe pumu.