Jiko la mkaa hemani: beseni la maji halinyonyi sumu

SWALI: Daktari, shikamoo. Tuko sita, wakazi wa Tabata, Dar es Salaam. Mwezi wa nne tunakwenda Mlima Rungwe kutazama kipunji, aina ya kima, na tutalala kwenye mahema. Tumeambiwa mvua na baridi ya kule si mchezo. Mwenzetu anashauri usiku tuingize jiko la mkaa likishakolea na moshi kuisha, tuache zipu wazi kidogo, na beseni la maji liwekwe pembeni linyonye sumu. Je, zipu iachwe wazi kiasi gani?

JIBU: Marahaba. Hakuna kiasi. Jiko lisiingie hemani kabisa, liwe na moshi lisiwe nao.

Mkaa uliokolea ndio unaowaponza watu. Moshi huwasha macho, utakutoa nje utake usitake. Sumu yenyewe, gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, harufu wala muwasho, na mkaa mwekundu huendelea kuitoa hata ukifukuta chini ya majivu. Ikifika kwenye damu hung'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Unapumua vizuri tu, huku ubongo unakosa hewa.

Sasa hilo beseni. Sijui nani alilianzisha, ila kila msimu wa baridi naletewa. Gesi hii haiyeyuki kwenye maji ila kidogo mno, kwa hiyo beseni litabaki na maji yake nanyi mtabaki na sumu yenu. Wengine wana glasi ya maziwa kabla ya kulala, eti hukata sumu. Maziwa yanakwenda tumboni; gesi inapita mapafuni. Wanaosambaza mambo haya kwa sauti za WhatsApp hawapo pale maiti zinapopokelewa.

Hema kwenye mvua ni baya zaidi, kwani mmelifunga hadi chini na kitambaa kimelowa. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kulegea, na mlimani mtasema ni uchovu wa kupanda. Mkiona mnaumwa kichwa wote kwa pamoja, tokeni nje mara moja. Aliyezimia, hata akizinduka, ashushwe hospitali Tukuyu awekewe oksijeni. Msikitegemee kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni: hakitofautishi gesi hii na oksijeni, kinaweza kusoma asilimia 98 kwa mtu anayekata roho.

Baridi yenyewe ina dawa. Kipunji wa Rungwe wanaishi kati ya mita 1,750 na 2,450 hivi, na kila mita 1,000 mnazopanda joto hupungua kama nyuzi 6. Hiyo inavumilika mkiwa wakavu. Kila mmoja awe na nguo za kulalia ndani ya mfuko wa nailoni, zisiguswe mchana hata mlowe vipi. Fulana na jinzi za pamba zikilowa hazikauki kule. Tandikeni godoro la povu chini, kuleni mshibe kabla ya kulala, na chupa ya maji ya moto iliyovishwa soksi iingie nanyi kwenye begi la kulalia. Pikieni chini ya turubai lililo wazi pande zote. Pombe kali iacheni: huvuta damu kwenye ngozi, ukahisi moto wakati mwili unapoteza joto. (Rungwe mvua hunyesha Novemba hadi Mei. Mngekwenda Septemba, lakini hamkuniuliza.)

Na si mahema tu. Watu huingiza jiko chumbani Njombe na Makete mwezi wa saba, wakaziba hadi upenyo wa chini ya mlango. Hapa Dar hatuna baridi, ila umeme ukikatika jenereta huwashwa koridoni au gereji iliyoungana na nyumba. Gesi ni ileile, na dirisha moja lililo wazi halitoshi. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, hata kama mnaogopa wezi.