Usukani Umelegea? Boksi Liguswe Mwisho

GEREJI YA NYUMBANI: Maswali ya wasomaji

Barua za safari hii zimetoka Arua, Kampala, Jinja na Mbarara, na zote zinalalamikia usukani wa gari la zamani. Tumeipa ya Arua nafasi kubwa kwa sababu ndani yake limo kosa ambalo mafundi wengi wanalirudia.

SWALI: Nina Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, ya mwaka 1976. Nauzungusha usukani karibu robo ya duara kabla magurudumu hayajasikia. Fundi alikaza skrubu ya boksi la usukani. Ulegevu ukapungua, ila sasa usukani ni mzito, nikikata kona haurudi wenyewe, na gari linayumba barabarani kama mlevi. Nina spana, jeki na kijana wa kunisaidia. Nianzie wapi?
*Msomaji, Arua*

JIBU: Mzee, anza kwa kuilegeza hiyo skrubu irudi ilipokuwa. Boksi, yaani kasha la gia za usukani, huchakaa zaidi katikati, kwa kuwa gari hutembea muda mwingi likiwa limenyooka. Ukilikaza mpaka katikati pasicheze kabisa, pembeni ambako hapajachakaa panakaba. Magurudumu yanataka kurudi yenyewe baada ya kona, boksi linayazuia, nawe unabaki kurekebisha kushoto na kulia safari nzima. Huo ndio mlevi unaomwona. Na viungo vilivyolegea bado vimelegea vilevile.

Kwanza tafuta ulegevu uko wapi. Simamisha gari penye ardhi ngumu, magurudumu yamenyooka, injini imezimwa, vipande vya mbao mbele na nyuma ya tairi. Kijana akae ndani auchezeshe usukani kushoto na kulia kwa upana wa kiganja, bila kukoma. Wewe lala chini, ushike kila kiungo kwa mkono mzima, vidole vingine juu ya fimbo na vingine juu ya mkono ilikofungwa. Macho peke yake hayatoshi: boljointi (kiungo cha tufe ndani ya kikombe) yenye ulegevu wa milimita moja huioni, lakini kiganjani inagonga.

Series III ina boljointi 6. Mbili ziko kwenye fimbo inayotoka boksi kwenda mbele hadi kwenye rilei, mbili kwenye fimbo ya kutoka rilei hadi gurudumuni, na mbili kwenye fimbo ndefu inayounganisha magurudumu yenyewe. Kila moja ikila milimita moja tu, zikijumlishwa kwenye usukani zimeshakuwa ulegevu mkubwa. Ukiwa hapo hapo chini, tazama rilei yenyewe, ile silinda iliyozama kwenye boriti ya mbele ya chesisi. Mkono wa juu ukitangulia na wa chini ukachelewa, bolti za kubana mikono zimelegea au meno yake yameliwa. Silinda nzima ikitikisika, bolti zake zimelegea au boriti imeoza kwa kutu, na hiyo ni kazi ya mchomeleaji kabla ya kitu kingine chochote. Halafu mwangalie mkono unaoshuka kutoka kwenye boksi: usukani ukizunguka nao umetulia, hapo sasa boksi lina kesi.

Bado magurudumu. Inua upande mmoja kwa jeki na uegemeze ekseli kwenye stendi. Jeki peke yake haiaminiki mtu akiwa chini ya gari. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, kijana akanyage breki ya mguu. Ulegevu ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni pini za swiveli, zile ambazo gurudumu hugeukia ukikata kona. (Vitabu vya Kizungu vinasema shika saa 12 na saa 6. Kwa saa zetu ni mahali palepale, ila juu na chini vimebadilishana, basi hakuna hasara.)

Kwa umri wa gari lako, badilisha boljointi zote 6 kwa pamoja. Ukinunua, iwe soko la Kisekka kule Kampala au kwa jamaa wa Kirinyaga Road kule Nairobi, taja kwamba unataka 3 za hesi (mistari ya kufungia) za kulia na 3 za hesi za kushoto. Wengi hurudi nyumbani na 6 za upande mmoja. Kila fimbo ina moja ya kulia na moja ya kushoto, ndiyo maana ukiizungusha inarefuka au kufupika bila kufunguliwa ncha zake. Kagua pia mpira wa kufunika kiungo. Mpira laini usio na ufa ndio unaoamua maisha ya boljointi, maana vumbi la barabara zetu likishaingia na kuchanganyika na grisi linakuwa msasa.

Kabla ya kufungua, pima kila fimbo kwa futi kamba kutoka katikati ya boljointi moja hadi katikati ya nyingine, uandike. Toa splitipini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, legeza nati mizunguko michache tu, usiitoe. Boljointi imeshikwa kwa mkazo wa koni yake ndani ya tundu, kwa hiyo kuipiga kichwani kunaharibu hesi na haitoki. Weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, piga upande wa pili kwa nyundo nyingine, pigo kali la ghafla. Jicho linajikunja kidogo sana na koni inaachia kwa mlio. Ile nati uliyoiacha ndiyo itakayozuia fimbo isikuangukie usoni.

Kwenye fimbo, legeza bolti ya kibano, sugua kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kupenya kutu uyaache usiku kucha. Zungusha boljointi nje huku ukihesabu mizunguko, na mpya iingie kwa mizunguko ileile. Hesi zake pake grisi, mwakani utajishukuru. Lakini koni na tundu lake viwe vikavu na safi kabisa. Grisi kwenye koni inafanya nati ionekane imekaza wakati koni haijashika. Nati za boljointi hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita) 40, bolti za vibano kwa Nm 14, na splitipini iwe mpya. Msumari uliokunjwa si splitipini.

Kupanga magurudumu unaweza kuanza nyumbani. Series hutaka mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Inua kila gurudumu, lizungushe huku umeegemeza msumari kwenye chaki uliyopaka katikati ya tairi, upate mstari mwembamba. Shusha, sukuma gari mbele hatua chache, kamwe si kinyumenyume, kwa sababu kurudi nyuma hufungua viungo upande usio wake. Pima kati ya mistari miwili kwa nyuma, kwenye kimo cha ekseli. Sukuma gari mbele nusu mzunguko wa tairi, pima alama zilezile zikiwa mbele. Tofauti ndiyo jibu lako. Zungusha fimbo ndefu mpaka ifike, kaza vibano, kisha upime tena, kwani kukaza vibano mara nyingi husogeza kipimo.

Kama pini za swiveli zinacheza, juu kuna bushi na chini kuna beringi ya koni. Ulegevu hupunguzwa kwa kutoa shimu, vile vibati vyembamba vilivyo chini ya pini ya juu. Kipimo cha kitabu ni kwamba mkono wa usukani uvutwe kwa nguvu ya kilo 6.3 hadi 7.3 ndipo ugeuke, sili kubwa na shafti zikiwa zimetolewa na fimbo zote zimefunguliwa. Mizani ya ndoano ya wauza samaki inatosha kwa kazi hii. Usivutiwe na wazo la kuacha pini zikicheza kidogo ili usukani uwe mwepesi: mkazo huo ndio unaozuia magurudumu ya mbele kutetemeka ukigonga shimo.

Rilei ikiwa nzito, ina kiu ya mafuta. Toa bolti mbili za kifuniko cha juu zinazotazamana, tia mafuta ya gia EP90 pole pole kwenye tundu moja, hewa itoke kwa lingine, mpaka yafurike. Isipolegea baada ya hapo, mpelekee fundi anayezijua. Usiifungue mwenyewe. Ndani mna springi iliyobanwa kwa nguvu ya kumvunja mtu taya, na hutoka bila hodi.

Yote hayo yakishakamilika ndipo ugeukie boksi. Angalia mafuta yake kwanza, nayo ni EP90. Fungua ile fimbo inayotoka boksi kwenda mbele kwenye mkono wa boksi, nyoosha usukani, legeza nati ya skrubu ya ubavuni, kaza skrubu kwa bisibisi taratibu mpaka ulegevu wa katikati upungue. Ishikilie isizunguke, kaza nati. Sasa peleka usukani mwisho hadi mwisho kwa vidole viwili. Ukikuta mahali panapokaba, rudisha skrubu nyuma hata kama katikati patabaki na ulegevu kidogo. Boksi linalohitaji zaidi ya hapo limekwisha, na skrubu haiongezi chuma.

SWALI: Boljointi za chini za Peugeot 504 yangu zimelegea na mpya ni ghali. Kijana mmoja Katwe ananiambia atazibana kwa presi na kuchomelea kidogo, zikae mwaka mwingine. Nikubali?
*Msomaji, Kampala*

JIBU: Hapana. Tufe la ndani limeliwa upande mmoja, si la mviringo tena. Kikombe kikibanwa, linashika likiwa mahali palipochakaa, lakini ukikata kona sehemu ambayo haijaliwa inaingia kwenye kikombe kilichokuwa chembamba na kukaba. Moto wa kuchomelea nao unaunguza grisi na kikombe cha ndani, unabadilisha ugumu wa chuma, na ufa unaanzia pembeni mwa ulehemu. Boljointi ya chini ikichomoka gurudumu linalala, na gari haligeuki tena hata ungefanyaje.

Katwe wana kazi yao na wanaijua: bushi za shaba, pini za springi, shafti za kuchonga kwa lethi. Wapelekee hizo. Kama fedha haitoshi zote mbili, nunua moja kwa upande uliolegea zaidi, ya pili ifuate, na kwa sasa gari lisiende safari ndefu.

SWALI: Nina Volkswagen Beetle ya 1964. Nimeuziwa boljointi nne za mbele lakini hakuna mahali pa kuzifunga. Je, nimeibiwa?
*Msomaji, Jinja*

JIBU: Umeuziwa spea za mdogo wake. Beetle zilianza kutumia boljointi mbele kwa modeli ya 1966. Yako ina kingipini (pini iliyosimama ambayo gurudumu hugeukia) na pini za linki (zinazoishika kwenye mikono ya mbele), na habari njema ni kwamba hizo zinarekebishika.

Inua mbele magurudumu yaning'inie, kisha tia grisi kwenye nipeli zote mpaka ile chafu itoke na mpya ionekane. Wengi wanatia grisi gari likiwa limesimama chini: uzito unaziba nafasi upande mmoja, grisi inapita palipo wazi, na pale panaposuguana hapapati kitu. Kisha legeza bolti inayobana pini ya linki, kaza pini mpaka ishike, irudishe nyuma kama sehemu moja ya nane ya mzunguko, ubane bolti. Fanya hivyo kwa zote nne. Ukilazimika kuzitoa, andika shimu ngapi zilikaa upande gani, maana mpangilio wake ndio unaoamua tairi lisimame wima au lilale.

Bushi za kingipini ni habari nyingine. Zikishapigwa ndani lazima zipanuliwe kwa rima, zote kwa mstari mmoja, na hapo mpelekee fundi wa mashine. Usizisugue kwa msasa uliozungushiwa kijiti.

Kipimo cha kuridhika: ukingo wa usukani usicheze zaidi ya milimita 15. Ukizidi baada ya kazi hii, kagua kiungo cha mpira kati ya shafti ya usukani na boksi. Mpira wenye nyufa hutoa ulegevu ambao kila fundi atamsingizia boksi.

SWALI: Nimebadilisha tairodi (fimbo za kugeuza magurudumu) zote mbili za Mercedes W123. Gari linakwenda sawa ila usukani umelala upande. Niutoe niurudishe ukiwa umenyooka?
*Msomaji, Mbarara*

JIBU: Usiutoe. Ukifanya hivyo usukani utaonekana umenyooka huku boksi likiwa nje ya katikati yake. Refusha tairodi moja na ufupishe nyingine kwa kiasi kilekile, robo mzunguko kila mara, kisha jaribu barabarani. Upana wa magurudumu hautabadilika. Jaribia penye barabara tambarare, kwa sababu lami nyingi zimeinamia kushoto kwa ajili ya maji ya mvua, na gari zima kabisa huvuta kidogo upande huo.

Na kwa kuwa uko chini tayari, tikisa mkono wa aidala, upande wa pili wa gari mkabala na boksi. Bushi zake huuzwa kama seti ndogo pamoja na bolti. Kama mkono unapanda na kushuka, zibadilishe kabla ya kupima magurudumu, na bolti uikaze mwisho magurudumu yakiwa yamenyooka.