Usifute kitu Google bado, mkuu

Mkuu simama hapohapo. Maswali uliyouliza, ya domain (jina la seva yako mtandaoni) na mfumo endeshi gani uweke, yatasubiri.

Umeandika kwamba uko Nzuguni, Dodoma, umenunua kompyuta ndogo ya mtumba uifanye seva ya nyumbani ya kutunzia picha, diski mbili umeziunga kwa RAID 1, simu zenu zinarusha picha kwa programu ya Syncthing, na mwisho wa mwezi unafuta kila kitu Google maana "bekapu ninayo, diski ni mbili". Hapo ndipo moyo ulinipasuka. Huna bekapu. Una diski moja na pacha wake mtiifu.

RAID 1 inaandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Moja ikifa, sawa, nyingine inakuokoa. Lakini ukifuta faili, limefutika kotekote. Na Syncthing kazi yake ni kufananisha mafolda: simu ikifuta, seva nayo inafuta. Ukitengeneza folda bila kugusa mipangilio, inakuja ikiwa ya kutuma na kupokea, na sehemu ya kutunza matoleo ya zamani inakuja imezimwa.

Mimi yalinikuta hayohayo. Simu ya mama watoto ilijaa. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "futa tu, zote ziko kwenye seva." Akafuta folda nzima ya kamera. Baadaye mama mkwe amekuja kutoka Mpwapwa, tumekaa sebuleni anataka kuona picha za kipaimara cha mjukuu. Nafungua seva mbele ya watu: folda ipo, jina lipo, ndani peupe. Diski zote mbili taa za kijani, afya tele. Na kule Google nilishafuta mpaka kapu la taka nikalimwaga, si nilikuwa mwanaharakati wa faragha? Faragha niliipata. Picha zangu hata mimi sizioni.

Nikaachia PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, usiku kucha. Ni huria na ni nzuri, siisemi vibaya, ila inakurudishia mafaili bila majina: f1283744.jpg, f1283760.jpg, unashuka nayo mpaka kidole kinauma. Za kipaimara zilirudi chache, nyingine mtoto ana kichwa na mabega, kuanzia kifuani ni kijivu kitupu. Kilichorudi kizima bila mkwaruzo ni picha ya tokeni ya LUKU, tarakimu zote 20, umeme wenyewe tulishaumaliza zamani. Mama mkwe akija mpaka leo ananiuliza, "Baba Neema, ile mashine yako bado inakula picha?"

Fundi aliyeniuzia diski pale mjini ndiye aliniambia, "kaka, ukishaweka RAID umemaliza, wewe lala." Nililala kweli. Na wale jamaa wa video za kujitoa Google kwa siku moja! Nusu ya video wanakuonyesha kibodi inavyowaka taa, habari ya kurudisha data hawaigusi kabisa. Seva zao zina muvi tu, watapoteza nini?

Sasa shika hili moja, mengine yaache: hufuti nakala ya zamani mpaka umerudisha picha kutoka kwenye bekapu, kwenye mashine nyingine, ukazifungua kwa macho yako. Tafuta diski ya tatu, ya nje. Tumia restic, programu ya kufanya bekapu. Inasimba data yenyewe, yaani haisomeki bila nywila, na inatunza hali ya mafaili ya kila mara ulipoiendesha, kwa hiyo kilichofutwa leo bado kipo kwenye bekapu ya jana. Nywila yake iandike kwenye karatasi, ukiipoteza hakuna wa kumpigia simu. Ikimaliza, chomoa diski uipeleke nyumba nyingine. Yangu inakaa Kizota kwa dada, kabati la vyombo, ndani ya mifuko miwili maana vumbi la huku mnalijua.

Halafu zima seva kabisa. Azima laptop, chomeka diski, rudisha. Fungua picha za mwanzo, za katikati na za mwisho, na video moja uitazame mpaka iishe. Usiangalie ukubwa wa folda ukasema tayari.

Syncthing washa utunzaji wa matoleo upande wa seva, leo hii, kabla hujala. Na lile swali lako la mfumo endeshi, weka Debian.

Mwezi ukiisha hujajaribu kurudisha, walipe Google mwezi mwingine. Najua inauma. Lipa.