Kabla ya Fulana, Orodha

Juzi usiku, nimeshazima taa, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ni kijana nisiyemjua hata sura, ila anasema husoma ninayoandika. "Shikamoo mama. Bwana ametenda! Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya huduma za jamii kanisani kwetu. Tunataka tuanze kwa kishindo. Mama, tuanzie wapi? Halafu fulana za kamati, tuchapishe kabla ya uzinduzi au baada?"

Marahaba mwanangu. Nilicheka peke yangu gizani, kisha kicheko kikakatika, maana kiti hicho nimekikalia miaka tisa na namna nilivyoondolewa bado inaniuma. La fulana nitakujibu mwishoni. Kwanza kaa nikusimulie habari ya orodha.

Sisi nasi tulianza kwa kishindo. Tulikuwa na uzinduzi, bango, wimbo maalumu wa kwaya. Miezi iliyofuata haina la kusimulia, ilikuwa vikao na mihutasari ya vikao. Kisha mto ukavunja kingo usiku wa kuamkia Jumapili, na waliolala ng'ambo wakaamkia juu ya mapaa.

Ibada ile mchungaji aliikatisha. Tukaweka meza mlangoni, washarika wakaleta mablanketi, sufuria, sabuni, nguo, fedha. Sijawahi kuona watu wanatoa vile. Viongozi wa jumuiya wakaleta majina ya walioathirika kwenye vikaratasi, kwaya ikaleta ya kwake, umoja wa vijana wa kwao. Katibu wangu ana mwandiko kama wa kitabuni, akayanakili yote kwenye daftari jipya la jalada gumu. Majina 118. Nilipolishika daftari lile kifuani nilijiona Yusufu wa Misri mwenye funguo za maghala.

Jumatano tukagawa. Foleni ilikuwa imenyooka, kila mtu anaitwa jina, anaweka dole gumba kwenye kidau cha wino, anapokea furushi lake, anapigwa picha. Mambo yalikwenda vizuri mpaka akafika mama mmoja amebeba beseni la plastiki lenye ufa uliozibwa kwa lami. Ndani ya beseni kulikuwa na kiatu kimoja cha mtoto na kitambaa. Nikamuuliza jina. Katibu akapitisha kalamu kurasa zote, juu mpaka chini. Hayumo.

Ndipo nikamuuliza swali ambalo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze. Nikamwambia, "Kwani wewe unasali wapi?"

Akanitazama. Akasema, "Sisali popote mama. Ila nyumba yangu ndiyo iliyokwenda na maji."

Nikamwambia asubiri pembeni, tukimaliza wenye majina tutaona. Akasubiri. Wakati anasubiri akapita kaka mmoja wa kwaya, nyumba yake iko juu mlimani wala haikuguswa na tone, akachukua furushi. Baada ya dakika arobaini akaitwa tena, akachukua la pili. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya jumuiya na kwenye karatasi ya kwaya. Wala hakuiba, aliitwa akaitika. Wa mwisho alipoondoka stoo ilikuwa imebaki maboksi matupu. Yule mama akaokota moja, akalikunja, akaliweka ndani ya beseni. Mvua ikaanza upya, akaligeuza beseni kichwani kama mwamvuli na boksi akalikumbatia chini ya kanga, akaenda.

Jioni ile tuliweka picha mtandaoni, zikapendwa mno. Kuna picha moja ya binti wa sekondari akipokea furushi huku amegeuza uso. Sikujiuliza kwa nini amegeuza uso. Nilikuja kusikia baadaye kwamba wenzake shuleni walimpa jina la kumtania kutokana na picha ile. Tuliifuta, lakini ilikuwa imeshasambaa kwenye simu zao.

Mwanangu, unaona? Sadaka zilikuwepo, wa kujitolea walikuwepo, maombi tulifanya. Tulichokosa ni orodha. Tulikuwa na rejesta ya washarika tukaiita orodha ya wahitaji.

Wiki mbili baadaye alikuja mwalimu kutoka shirika moja la misaada la makanisa, mwanamke mtu mzima, mpole, wa kuongea taratibu. Nilikuwa nimemwandalia taarifa yenye picha. Hakuifungua. Akasema, "Nionyesheni mlivyopata majina." Nikamweleza, naye akatikisa kichwa kidogo tu, kisha akafungua Biblia kwenye Matendo ya Mitume sura ya 6.

Nimehudhuria mahubiri ya sura ile zaidi ya mara ishirini na siku zote nasikia habari za Stefano. Yule mwalimu akatuuliza: ugomvi wa kwanza ndani ya kanisa la kwanza ulihusu nini? Ulihusu mgawo. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na wenye kushika mgawo walikuwa Waebrania. Hakuna aliyesema wajane wale wachukiwe. Ni kwamba tu hawakuwemo kwenye vikaratasi. Kisha akatusomea majina ya wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao wa Antiokia ambaye hata Myahudi wa kuzaliwa hakuwa. Yote saba ni majina ya Kiyunani. Daftari walipewa watu wa upande ulioachwa. Kamati yangu ilikuwa na watu tisa, wote kutoka jumuiya tatu zilizo karibu na kanisa, na hakuna hata mmoja aliyekaa ng'ambo ya mto.

Halafu akatuambia jambo ambalo sikulipenda kulisikia. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na mashirika makubwa ya misaada waliandika kanuni kumi za maadili kwa wanaohudumia maafa. Moja inasema msaada hutolewa bila kujali dini ya mpokeaji, kipimo ni uhitaji peke yake. Nyingine inasema msaada usitumike kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Nikadhani hizo ni sheria za watu wasio na Mungu. Akatabasamu, akanitajia waliokuwa mezani: Caritas Internationalis ya Wakatoliki, Shirikisho la Kilutheri Duniani, Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Ni makanisa yenyewe. Na Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa 2005 kuhusu upendo, aliandika vilevile kwamba huduma ya upendo isitumiwe kama njia ya kuvutia watu waingie dini. Mimi nilikuwa nimeuliza unasali wapi.

Akatuuliza pia kuhusu ukumbi. Tulikuwa tumewalaza watu 96 mle ndani na nilijivunia sana. Vyoo vingapi? Viwili. Akasema viwango vya Sphere, yaani vipimo vya chini vya kuwahudumia waliopatwa na maafa, ambavyo mashirika yalianza kuviandaa 1997, vinavumilia watu 50 kwa choo kimoja siku za mwanzo kabisa, lakini upesi washuke hadi 20, na kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku. Kwa hiyo wiki ya kwanza tulikuwa sawa. Ila watu wetu walikaa wiki tano, na hakuna aliyerudi kuhesabu. Wanawake walikuwa wakiamka saa kumi alfajiri kwenda chooni kwa zamu. Nilijua kwa sababu nilimuuliza mmoja wao, na nilimuuliza baada ya mwalimu kuondoka.

Basi, tukaanza upya, na hapa naomba uniruhusu nijisifu kidogo. Tuligawana mtaa vipande, wawili wawili, mwanamke na mwanamume, mshika kalamu mmoja kutoka kanisani na mwingine mwenyeji wa kipande chenyewe, awe wa dini yoyote. Nyumba kwa nyumba. Mjumbe wa mtaa tulimshirikisha, lakini hatukuandika majina yake kabla ya kuona milango. Maswali manne tu: mpo wangapi, nani mgonjwa au mlemavu, maji yalifika wapi, kipato kinatoka wapi sasa. Kwenye kuta alama ya tope ilikuwa bado ipo, tukipima kwa utepe wa fundi cherehani. Kisha orodha ikasomwa hadharani, watu wakabisha, tukafuta, tukaongeza. Kaka wa kwaya alijifuta mwenyewe, mbele za watu. Nampenda mpaka leo.

Yule mama wa beseni tulimkuta nyumba ya kumi na saba ya kipande changu. Chumba kisicho na mlango, pazia limetengenezwa kwa lile boksi. Nikajitambulisha kama hatujawahi kuonana. Akasema, "Nakukumbuka, mama wa kalamu." Sikuomba msamaha siku ile. Nilishindwa. Niliomba baada ya miezi miwili, akaniambia alishasahau, na nilijua hajasahau.

Ukiniuliza ushauri, ndio huo: nenda nyumba kwa nyumba. Ukiniuliza wa pili, rudi tena nyumba kwa nyumba baada ya mwezi, kwa sababu aliyekuwa na kazi siku ile huenda hana sasa. Wa tatu unaujua.

Msidhani kutoa ndiyo mwisho wa kazi, pia. Friedrich Raiffeisen alikuwa mkuu wa kijiji cha Weyerbusch huko Ujerumani wakati wa njaa ya 1846 na 1847, Mkristo wa kweli, akaanzisha chama cha kuwapatia maskini mkate. Baadaye akaona hisani ya matajiri haidumu, wanachoka. Mwaka 1864 akaunda chama cha mikopo cha Heddesdorf, wanachama wenyewe wakidhaminiana. Sisi tulifuata njia ya karibu zaidi, vikundi vya kuweka na kukopa kama vile shirika la CARE lilivyovianzisha Niger mwaka 1991: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti na sanduku kwa wa nne. Mnanunua hisa kila mkutano, mnakopeshana, mwisho wa mzunguko mnagawana. Yule mama wa beseni ameshika ufunguo wa pili. Katika vikundi vinne tulivyoanzisha, vitatu vinaendelea. Cha nne kilikufa kwa sababu niliruhusu mzee wa kanisa awe mwenyekiti bila kupigiwa kura. Kosa langu.

Sasa niseme la kuniuma, halafu niliache. Mwaka wa tisa nilibandika kwenye ubao wa matangazo mapato na matumizi yote ya mfuko wa maafa, pamoja na fedha zilizokuwa "zimeazimwa" kwa shughuli nyingine na hazijarudi. Sikutaja mtu. Niliandika kiasi na tarehe. Jumapili mbili baadaye nikaambiwa kamati inahitaji damu mpya, na kwamba watu wanalalamika sadaka zao zinakwenda kwa wasio wetu. Nikapewa cheti na kanga. Cheti kiko kabatini, kanga nilimpa mtu.

Lakini niambieni, enyi mnaoogopa ubao wa matangazo: Paulo alipokusanya mchango wa Yerusalemu, je, aliubeba mfukoni? Alimtuma Tito pamoja na ndugu wawili, na akawaandikia Wakorintho wazi kwamba anajihadhari mtu asije akamlaumu yeye na wenzake kwa habari ya ukarimu ule. Mtume mzima alitaka mashahidi, sembuse mweka hazina wetu? Na hao "wasio wetu"! Kaisari Juliano, aliyeuacha Ukristo, katika karne ya nne alimwandikia kuhani wake akilalamika kwamba ni aibu, Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na wa kwetu pia. Adui wa kanisa alikuwa anatusifia jambo ambalo leo mzee wa kanisa analilalamikia kikaoni. Nisameheni, nimepanda mimbarini bila kualikwa.

Mwanangu mwenyekiti, utaonewa. Utaambiwa unapeleka sadaka kwa walevi. Ndugu wa mchungaji ataomba kuwekwa kwenye orodha na utatakiwa kusema hapana ukiwa umesimama mlangoni kwake. Weka sanduku la malalamiko mahali ambapo kiongozi hapiti kila saa, na ufunguo wake usiwe kwako. Picha, omba ruhusa, na ukiona mtu amegeuza uso hiyo ni hapana. Ila kwanza, nyumba kwa nyumba. Naona nimesharudia, na nitarudia ukinipigia.

Kuhusu fulana: zisubiri. Sisi tulichapisha hamsini kabla ya uzinduzi, zenye nembo mbele na jina la kamati mgongoni, na mgongoni fundi akakosea herufi moja. Nina kumi na mbili kwenye boksi chini ya kitanda, zote saizi kubwa kabisa. Watu wako wakienda kupima tope watahitaji nguo za kuchafua, kwa hiyo tuma mtu aje azichukue.