Maji moto yapo Amboni, maporomoko yapo Amani: majibu ya maswali yenu

Wapenzi wasomaji wangu, toleo lililopita niligusia kidogo tu matembezi yangu ya msitu wa Amani, yaani mistari kama sita hivi, basi meseji zikaanza kuingia na hazijakoma. Kwahiyo leo ukurasa wote nauacha kwa safari ya mlimani. Maswali mengi yanafanana nimeyaunganisha, msione wengine mmeachwa.

Shangazi shikamoo. Nina watoto watatu, likizo ya Desemba hii hapa na wananisumbua, wameona kwenye simu picha za hifadhi za nchi za watu, mlima wenye msitu, maporomoko ya maji, alafu kuna maji ya moto yanafuka mvuke watu wanaoga. Je na sisi hapa Tanga tunayo hifadhi ya taifa kama hiyo? Na tunaweza kwenda na kurudi siku moja? (Mama wa Chumbageni)

Marahaba mwanangu. Mahali pamoja penye vyote vitatu kwa pamoja hapa kwetu hakuna, ila tunavyo vyote vitatu, vimeachana tu. Msitu wa mlimani na maporomoko vipo Amani, juu ya Muheza, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Maji ya moto yapo Amboni, pale jirani na mapango, ambayo yenyewe ni kama kilometa 8 tu kutoka mjini ukishika njia ya Horohoro. Na wala havijaachana kama unavyodhani, maana kuna mto mmoja umevishona, Mto Zigi, unaanzia kwenye ile misitu ya juu, unateremka mpaka bwawa la Mabayani ambako maji yetu ya bomba yanachukuliwa, alafu unapita maeneo ya Amboni kwenda baharini. Hilo waambie watoto kabla hamjaondoka, kwamba tunaenda kuangalia maji mnayooga kila siku yanatoka wapi. Mi wangu niliwaambia hivyo, basi njia nzima ilikuwa kila wakiona kijito wanauliza, haya ndo ya kwetu?

Sasa jina. Amani sio hifadhi ya taifa, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, na iko chini ya TFS, wale watu wa misitu, sio TANAPA. Nasema hivi kwasababu watu wanapiga simu TANAPA kuulizia Amani wanazungushwa alafu wanakata tamaa. Hifadhi ya taifa iliyo jirani yetu ni Saadani na ile ni ya pwani, nzuri sana lakini huko usitafute mlima.

Kwenda na kurudi siku moja inawezekana, ila nakuomba usifanye hivyo. Kutoka Tanga mpaka Muheza ni lami, mnafika mara moja, kutoka Muheza kupanda Amani ni kama kilometa 32 za vumbi na kona, na mvua ikinyesha ni tope. Mnapita Bombani, Kisiwani, mnafika Sigi ambapo kuna nyumba ya zamani ya stesheni masta wa Kijerumani, maana ilikuwepo reli ndogo ikitoka Tengeni mpaka pale, siku hizi ndo kituo cha wageni. Hapo ndo mlima unaanza wenyewe. Ukienda siku moja utafika saa sita mchana, watoto wamechoka na wana njaa, mnatembea saa moja na nusu, mnaanza kuwaza gari. Msitu unataka alfajiri. Lala usiku mmoja, kuna malazi ya hifadhi na gesti za wenyeji, amka saa kumi na mbili ukungu bado umelala kwenye mashamba ya chai, kaa kimya na wanao. Utasikia kitu kama mtu anakung'uta mkeka mkubwa juu ya kichwa chako, fwa, fwa, fwa. Ni hondohondo anapita, mabawa yake ndo yanalia hivyo, na mdomo ule mkubwa ukiuona kwa karibu hutausahau. Mwanangu wa mwisho alinishika kanga akasema mama ni ndege ya zamani.

Desemba ni vuli inaishia ishia, njia inaweza kuwa mbaya. Mwaka juzi tulikwama juu kidogo ya Sigi na gari ndogo, tukasukuma mpaka viatu vikabaki kwenye tope, vijana wa kijiji ndo walitutoa kwa kamba. Kwahiyo piga simu siku moja kabla uulize njia ikoje, na kama unaweza kodisha gari refu. Miezi mizuri kuliko yote ni Juni mpaka Septemba, Januari na Februari pia, ila Juni na Julai kule kuna baridi ya kweli sio ya Tanga, beba sweta. Masika, Machi mpaka Mei, subirini tu.

Maporomoko mwenyeji anayejua njia atawapeleka, maarufu ni Derema. Msiende bila mwongoza wageni, sio kwasababu ya sheria tu, njia za msituni zinafanana na ukungu ukishuka hata mimi mtu mzima nilishindwa kujua nimetokea wapi. Watoto wavae raba, sio kandambili, jiwe la maporomokoni lina ute wa kijani unateleza kama sabuni ya mche. Na hili naomba ulishike: mkiwa chini ya maporomoko mkaona maji yaliyokuwa meupe yanageuka rangi ya chai, au majani na vijiti vinaanza kuja kwa wingi, tokeni majini hapohapo hata kama juu yenu jua linawaka. Mvua imenyesha huko juu na maji yake yako njiani.

Shangazi, bibi yangu anaumwa magoti na ana sukari, watu wanasema tumpeleke maji moto ya Amboni akachovye miguu yatamponya. Kuna ukweli? Na yale maji nani anayapasha? (Mjukuu, Makorora)

Nimefurahi umeuliza kabla hujampeleka. Nianze na la mwisho. Hakuna volkano pale. Maji ya mvua yanazama kwenye nyufa za mawe ya chokaa, yanaenda chini sana, na chini ya ardhi kila ukishuka kilometa moja joto linaongezeka kama nyuzi 25 hadi 30, basi yakipata upenyo wa kupanda haraka yanatoka bado yana moto. Njiani yanabeba madini, ndo maana yananuka kama yai viza, ile ni kiberiti, salfa. Wazee wanaita maji ya Galanos, jina la Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge, Christos Galanos, ndo hilohilo la shule ya Galanos. Zamani palijengwa mabafu kabisa watu wanakuja kuoga kwa ajili ya ngozi na viungo, siku hizi yale majengo yamechakaa lakini maji hayajaacha kutoka. Mimi inaniuma kila nikipita.

Sasa bibi. Joto kweli linalegeza misuli na maumivu yanapungua kwa muda, hata hospitali wanashauri maji ya vuguvugu. Kuponya goti lililosagika hapana, na sukari ndo kabisa. Na hapa ndo ninapokuomba uwe makini mjukuu wangu, mtu wa sukari ya muda mrefu miguu yake mara nyingi inakufa ganzi, hasikii moto. Atachovya, atakwambia pazuri tu, kumbe ngozi inaungua, na kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari unajua kinapoishia. Jirani yetu mmoja aliungua hivyohivyo, tena nyumbani kwake, kwa beseni tu la maji ya chumvi, na alikatwa vidole viwili. Kwahiyo bibi asichovye. Mpeleke akae kivulini, apunge upepo, awahadithie ya zamani. Ukitaka kumkanda, chota maji, yapoe, wewe mwenyewe uyapime kwa kiwiko ndo uloweshe kitambaa umkande, na dawa zake asiache hata siku moja.

Nyie wenye afya zenu ingieni, dakika kumi au kumi na tano zinatosha, alafu kunyweni maji safi mengi. Maji yenyewe ya chemchemi msinywe. Msizamishe kichwa pia, maji ya uvuguvugu ya wazi yanaweza kuwa na vijidudu vinavyopitia puani, ni nadra lakini ni hatari kubwa. Mjamzito na mwenye presha ya kupanda waulize daktari kwanza.

Na wengi mmeniuliza Chemka ya kule Hai, Kilimanjaro. Panapendeza mno, maji kama kioo, lakini msidanganyike na jina, yale maji sio ya moto.

Kati ya Amani na Udzungwa niende wapi? Nina siku nne na nguvu ninazo. (Kaka wa Korogwe)

Mdogo wangu, kama unataka hifadhi ya taifa yenye mlima na msitu na maporomoko ya kukuacha mdomo wazi, ni Udzungwa. Ilianzishwa 1992, ina kilometa za mraba 1,990, na ndani hakuna barabara ya gari, unatembea kwa miguu tu. Maporomoko ya Sanje ni mita 170, yanashuka kwa hatua tatu, kuna mabwawa ya kuogelea, na ukiwa juu unaona mashamba ya miwa ya Kilombero yametandazwa chini kama mkeka. Kuna ngolaga, nyani wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu na hapatikani popote duniani isipokuwa milima hiyo. Ila toka Korogwe ni Chalinze, Morogoro, Mikumi, alafu Mang'ula, yaani siku nzima ya basi kwenda na siku nzima kurudi. Siku zako nne zinabaki mbili. Zinatosha kwa Sanje na mapumziko. Kama hela inabana nenda Amani, nauli iliyobaki lala siku ya pili. Kote huko malipo sio ya mkononi, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu, na beba kitambulisho cha NIDA maana raia analipa kidogo kuliko mgeni.

Nilienda Amani mwaka jana nikaona vile viua vya zambarau kwenye mawe, nataka nikirudi ning'oe vichache nipande kwenye makopo. Ni vibaya? (Binti wa Pongwe)

Usivitoe mwanangu, nakuomba sana. Kwanza ndani ya hifadhi hata jani huruhusiwi kuchukua. Pili sikiliza habari yake. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya yetu ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliviona viua hivyo milimani humu, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, wataalamu wakakipa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo kinauzwa kwenye vikopo madirishani Ulaya na Marekani nzima, mamilioni, wakati huku kwao kimebaki kwenye majabali machache yenye kivuli na unyevu. Ukikata miti iliyo juu yake jua linakiua, huna hata haja ya kukigusa. Nilipiga magoti mbele ya kimoja pale karibu na kijito, majani yake yana manyoya laini kama sikio la paka na tone la maji limekaa juu halizami, nikawaza hiki kimezunguka dunia nzima na mimi mtu wa Tanga nakiona leo nina miaka arobaini na tano. Ukitaka cha kopo nunua kwa wauza maua, vile vimeoteshwa kwa jani. Hivi vya mlimani piga picha.

Shangazi kule kuna netiweki? Na chakula? (wengi wenu)

Netiweki inakuja inaenda kutegemea kona, chajini simu na power banki Muheza. Chakula mpike mapema au muagize kwa wenyeji siku moja kabla, kina mama wa pale wanapika wali na maharage na chai ya iliki yao wenyewe, iliki imetoka shambani nyuma ya nyumba, mtaisikia harufu kabla ya kikombe hakijafika. Nunueni iliki na mdalasini kwao kabla ya kushuka. Machungwa subirini Muheza.